Bi Shamsia na Tembo wa Magurudumu

Baada ya miaka ishirini na saba ya kukata, kupiga msasa na kutugombeza, Bi Shamsia Halidi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Mimi Andrea wa chumba cha rangi ndiye niliyetwishwa wasifu huu, na naukubali mzigo kwa kifua mbele.

Alizaliwa Mkuyuni, akaajiriwa hapa karakanani Kihonda mwaka 1998 kufagia vumbi la mbao. Mwaka haujaisha, alikuwa ameketi kwenye mashine ya msumeno, akikata picha za mbao ambazo watoto hupanga vipande vyake. Sheria yake ilikuwa moja: msumeno usipite kwenye jicho, liwe la mtu au la mnyama. Alisema mtoto akipoteza kipande, angalau twiga wake abaki anaona. Ukimwamkia shikamoo huku mashine yako imejaa vumbi, alikuitikia marahaba na kukukabidhi brashi hapo hapo.

Mwaka 2011 karakana ilikuwa hoi. Tulipata agizo moja kubwa, la shule za awali za vijiji vya Uluguru, na mwenye karakana, Mzee Luqmani, alitueleza wazi kwamba agizo hilo likirudishwa anafunga mlango. Sote tungekwenda nyumbani. Sikukuu ya Idd ilikuwa inabisha hodi, na Bi Shamsia, wakati huo msimamizi wetu, akataka kuokoa muda. Akabana mbao zenye picha ya tembo pamoja na zenye picha ya basi, akazikata kwa mkupuo mmoja.

Haraka haraka haina baraka. Vipande vya tembo na vya basi vikawa na umbo lile lile, vikachanganyika mezani. Nasi kwa desturi hupanga kila picha kifudifudi kabla ya kuifunga, ili tupige msasa mgongoni. Kila kipande kiliingia sawasawa, na kwa kuwa rangi ilikuwa chini hatukuona kitu, tukafunga maboksi tukitabasamu.

Wiki iliyofuata Mwalimu Tumaini wa Mkuyuni akapiga simu kuuliza kwa heshima zote kama tembo wa siku hizi wana magurudumu. Basi lake nalo lilikuwa na masikio. Sisi tulicheka mpaka machozi, halafu tukakumbuka mlango. Bi Shamsia hakucheka hata kidogo. Alikwenda kwa Mzee Luqmani, akasema kosa ni lake peke yake na asiguswe mtu mwingine. Kesho yake akapanda gari la mizigo, akazunguka shule baada ya shule, akikaa mkekani na watoto kuwabadilishia vipande.

Mkuyuni watoto waligoma. Walimkumbatia tembo wao wa magurudumu wakalia, na mwalimu akaomba waachiwe. Mwingine angeshukuru Mungu na kuondoka. Bi Shamsia alikataa, akasema kosa haliuzwi, ila akawaahidi atawatengenezea tembo kama huyo wa kweli. Alirudi hapa akachora tembo na basi upya, safari hii kwa makusudi, ili vipande vya picha hizo mbili vibadilishane bila picha kuharibika. Shule hazikurudisha agizo. Ziliongeza.

Kuanzia Mlali hadi Turiani, tembo huyo ndiye anayetafutwa kuliko picha zetu zote. Zainabu, aliyefundwa na Bi Shamsia mwenyewe, anaurithi msumeno, na kwa jinsi alivyoanza kutugombeza, hatuna wasiwasi.

Bi Shamsia, tunajivunia wewe, na tunasema hivyo bila haya. Ungeweza kukaa kimya siku ile, nasi tungetawanyika kila mtu na njia yake. Ahsante kwa kusimama. Ukapumzike Mkuyuni kwa afya na amani, ukawafaidi wajukuu. Asubuhi ukisikia jogoo wala usishtuke: wewe lala, karakana tutafungua sisi.