Na Asimame Anayetaka: Maisha ya Makhluf Bitan wa Tanuri

Ndugu waombolezaji, wazee wa sinagogi, majirani wa mtaa wetu wa Hara Kubwa nanyi mliotoka mtaa wa Hara Ndogo, habari za kuzaliwa kwa marehemu mjomba wangu, Makhluf mwana wa Shushan Bitan, tulizipata kwanza kwa dada yake mkubwa, mama yangu Ghzala, aliyetusimulia majira ya baridi ya mwaka 1981 akiwa mgonjwa kitandani, na yaliyobaki nimeyapata kwa mjane wake, Mama Masuda, ambaye ameniruhusu niyasome yote, hata yale ambayo nyumbani kwao yalisemwa kwa sauti ya chini tu. Najua kwamba kila aliyesimama hapa anaijua Sabato inayokuja ni ya fungu gani la Torati, na kwamba wengi mmeingia na hofu ya fungu hilo makaburini leo, kwa hiyo sitaipita kimya.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1938, siku tatu kabla ya sikukuu ya Esta, hapa hapa kisiwani Jerba, katika nyumba iliyo nyuma ya tanuri, na ikiwa cheti cha serikali kinasema tarehe 20, hiyo ni siku ambayo baba yake alipata nafasi ya kwenda kuandikisha. Alikuwa mtoto wa nne, na wawili waliomtangulia, wavulana wote, walikufa kabla ya kutembea, ndiyo maana akaitwa Makhluf, yaani aliyeletwa badala ya mwingine, na mpaka alipotimiza miaka saba mama yake hakukubali mtu amsifu mbele ya watu, hata kwa kusema tu kwamba amekua.

Alianza chuo cha Torati mwaka 1944, akasoma mpaka mwaka 1952, hakuwa mwanachuoni wala hakujidai kuwa mmoja wao, lakini alilijua fungu la kila wiki kwa moyo, kuanzia kuumbwa kwa dunia mpaka kufa kwa Musa. Kisha akaingia tanurini pamoja na baba yake, na baba alipofariki Oktoba 1956 tanuri likawa lake, akawa ndiye anayepokea sufuria za mtaa mzima mchana wa Ijumaa, kwa kuwa Sabato hatuwashi moto, anaufunga mlango kwa udongo kabla jua halijatua, na kuufungua Sabato watu wakitoka kusali.

Wengi wenu mlisoma Torati zaidi kwenye mlango ule kuliko mlivyosoma chuoni, kwa sababu hakupokea sufuria bila kutoa neno. Wiki ya majivu ya madhabahu alikuwa akisema, "Kuhani mkuu na mimi kazi yetu moja, asubuhi tunaanza na kuzoa majivu, ila yeye alipewa nguo za kubadili." Wiki ya Nuhu aliwaambia wanawake waliogombania nafasi ya mbele, "Mama zangu, safina ilikuwa na simba na mbuzi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba simba aliomba akae karibu na moto." Bi harusi mmoja aliyeleta chakula kitamu kupita kiasi aliambiwa kwamba juu ya madhabahu asali ilikatazwa na chumvi ikaamriwa, naye akamjibu, "Basi ukale kwenye madhabahu, Fundi Makhluf, mume wangu anapenda sukari," na marehemu alilirudia jibu hilo kila mwaka kwa heshima, akisema kwamba siku ile yeye ndiye aliyefundishwa.

Alimwoa Masuda binti Khalifa Mazuzi, wa Hara Ndogo, Jumatano tarehe 15 Juni 1960, na mtoto wao wa kwanza, Shushan, alizaliwa tarehe 22 Aprili 1962.

Sasa nafika mwaka 1964. Mnajua kwamba kila mwisho wa kiangazi lipo fungu ambalo ndani yake Musa anazitaja laana, moja baada ya nyingine, juu ya mji na shamba, tumbo la uzazi, macho na akili, na kwamba katika sinagogi letu msomaji huzisoma upesi na kwa sauti ya chini, na mtu wa kusimama kando ya gombo wakati huo haitwi kwa jina lake kama wanavyoitwa wengine, bali mwita husema tu, "Na asimame anayetaka." Kwa miaka mingi aliyesimama alikuwa Mzee Nissim, mfagiaji wa sinagogi, asiye na mke wala mtoto, nao watu walimpelekea sahani ya chakula, kwa kuwa huaminiwa kwamba laana humwangukia anayesimama, na mtu asiye na kitu hana cha kulaaniwa. Mzee Nissim alifariki Julai 1964, na mpaka Sabato ile ya tarehe 29 Agosti hakuna aliyekuwa amemfikiria mwingine, au kila mtu alikuwa amemfikiria mwenzake.

Mwita alisema mara ya kwanza, watu wakatazama sakafu, akasema mara ya pili, Huati Hadadi mwenye duka la sufu akashikwa na kikohozi akatoka nacho nje, na kikohozi hicho hakikumrudisha mpaka alasiri. Wakaanza kusukumana kwa maneno. "Wewe Gabrieli, simama, huna mizeituni, utapoteza nini?" "Mizeituni sina, lakini macho ninayo." "Na wewe Yosefu?" "Mke wangu ni mjamzito." "Mke wako ana miaka hamsini na mitano." "Kwani Sara alikuwa na mingapi?" Wakacheka, kicheko kikaisha, na gombo likabaki wazi mezani, kwa maana haliwezi kufungwa katikati ya kusomwa, na hakuna aliyeweza kwenda nyumbani wala aliyeweza kusonga mbele. Jua likapanda, joto la Agosti likazidi, mzee mmoja akalegea akanyweshwa maji, na ndipo Makhluf, aliyekuwa na miaka ishirini na sita na hakuwa akiwaza jambo lingine ila tanuri, akainuka akasema, "Jamani, sufuria zenu zinakauka," akaenda akasimama.

Alikwenda kwa sababu ya maharagwe na nyama za watu, na hakulificha hilo hata siku moja. Lakini msomaji alipofika mahali panaposema kwamba litalaaniwa kapu lako na chombo chako cha kukandia unga, yeye ambaye maisha yake yote yalikuwa kapu na chombo cha kukandia alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na hakuuachia mpaka mwisho. Masuda alikuwa uani, chini ya dirisha, pamoja na wanawake wengine, akasikia kila neno na akajua ni nani aliyesimama. Nyumbani alimwambia, "Umekwenda kulitoa kapu langu, na beseni langu, na mtoto wangu, kwa ajili ya maharagwe ya watu."

Shushan, mwana wao, alishikwa na ugonjwa wa koo mwanzoni mwa mwaka uliofuata, akafariki tarehe 9 Februari 1965, bado miezi miwili na kitu atimize miaka mitatu, na kaburi lake ni lile dogo karibu na ukuta, mnalipita mkiingia. Hakuna aliyesema neno mbele ya wazazi wake, lakini wanawake walipoleta sufuria zao waliziweka chini mlangoni wakaondoka upesi, na walioleta watoto wakawaacha nyuma ya kona. Marehemu aliendelea kutoa neno la kila wiki, hata kama mlango ulikuwa mtupu.

Mwaka ukazunguka, ikafika Ijumaa tarehe 17 Septemba 1965, na Masuda alikuwa na mimba ya miezi saba. Alimfuata mumewe tanurini mchana akamwambia, "Baba Shushan, kesho huendi kusali, una homa." Akajibu, "Sina homa." "Utakuwa nayo kabla ya jioni, nitahakikisha." Marehemu akaweka chini koleo la mkate, akamwambia maneno ambayo Mama Masuda amenirudia kwa namna ile ile kila nilipomuuliza, "Ikiwa si laana iliyomuua mtoto wetu, sina sababu ya kukaa. Na ikiwa ni laana, basi kesho atakayesimama atamzika wake. Nitajie jina, Masuda. Nitajie mmoja tu, nami nitabaki kitandani." Mama Masuda anasema alifungua kinywa, akayapitia majina yote ya wanaume wa sinagogi lile, na nyuma ya kila jina alimwona mke wake na watoto wake kwa sura zao, akakifunga kinywa, akarudi nyumbani. Siku ya pili alikaa chini ya dirisha, mikono juu ya tumbo, na mume wake akasimama. Kmira, binti yao, alizaliwa salama tarehe 3 Novemba 1965, yuko hapa mbele yenu na watoto wake.

Ijumaa iliyofuata fungu lile, marehemu alitoa neno ambalo wazee mnalikumbuka. Alisema kwamba katika laana zile imo moja inayosema utaogopa usiku na mchana, na asubuhi utasema laiti ingekuwa jioni, na jioni utasema laiti ingekuwa asubuhi, kwa hiyo hofu si ukuta wa kutukinga na laana, hofu yenyewe ni mojawapo, na anayekimbia nje ya sinagogi kwa kuogopa ametoka nayo mkononi. Masuda akajibu toka ndani, watu wakasikia, "Basi hiyo moja nimeshaipata, sina haja ya kusimama."

Msidhani kwamba yeye mwenyewe alipona hofu. Alisimama kila mwaka kuanzia hapo, na kila mwaka alishika ukingo wa meza, na Ijumaa ya wiki hiyo hakugusa chakula. Toka Sabato ile mpaka sikukuu za vuli ziishe, watoto wake hawakupanda darini, hawakukaribia kisima, hawakushika kisu, na mama yao aliamka kuwagusa kama wanapumua. Haim, kitinda mimba, aliyezaliwa tarehe 6 Mei 1971, ameniambia kwamba mpaka anakwenda jeshini alidhani watoto wote duniani wanakatazwa ngazi mwezi huo. Kmira alipovunjika mkono mwaka 1974 mtaa ulinong'ona, Haim alipohamia Marsei, ng'ambo ya bahari, mwaka 1990 Masuda alimkumbusha mumewe mstari usemao wanao watapewa watu wengine na macho yako yatazimia kwa kuwatazamia, na marehemu alipoingiwa na mtoto wa jicho mwaka 2008 walikuwepo waliohesabu na hilo. Yeye alisema, "Kwa miaka hamsini nimechungulia moto, mlitaka nione nini?"

Tanuri lilifungwa mwaka 2011, watu walipokuwa wote na majiko ya gesi, lakini neno la wiki aliendelea kulitoa kwenye kiti cha mlangoni. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2016, akawa anapelekwa hospitali ya Humti Suki mara tatu kwa wiki, na tarehe 8 mwezi huu akalazwa. Haim aliwasili toka Marsei siku ya Ijumaa. Jumapili wazee wa sinagogi walikuja kumtazama mgonjwa, wakaketi, wakamwombea, na Mama Masuda aliona kwamba walikuwa wakimtazama baba kwa adabu na mwana kwa hesabu. Walipotoka, marehemu aliuliza, "Sabato hii ni fungu gani?" akaambiwa, akasema, "Waambieni wasimwite mtu kwa jina." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana. Alifariki leo, Jumanne tarehe 17 Septemba 2019, alfajiri, akiwa na miaka themanini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, ambao walimwita babu, majirani wa Hara zote mbili, wanaume waliomwosha, na Bwana Mabruk, aliyeleta kuni za mzeituni tanurini kwa miaka mingi na akamwendesha marehemu hospitali kwa gari lake hata siku za mfungo wake.

Limebaki neno moja nililotumwa. Kwa sheria yetu mfiwa aliye ndani ya siku saba za matanga hapandi kwenye Torati, yaani hasimami kando ya gombo, kwa hiyo Sabato hii Haim hatasimama. Leo asubuhi Mama Masuda alipokumbushwa sheria hiyo alisema, "Amekwenda kwa wakati, amemkinga mwanawe," akashusha pumzi ambayo naamini alikuwa ameishika tangu Jumapili, kisha akasema, "Basi atakayesimama ni mtoto wa mwenzangu." Ameniagiza nimwambie yeyote atakayesimama, nami simjui ni nani, pengine naye bado hajijui, kwamba Jumatatu ijayo, siku saba zikiisha, yeye Masuda atakwenda nyumbani kwa mtu huyo, atakaa na mke wake mpaka sikukuu zipite, atapika naye, atalala pale ikibidi, na mke huyo akiamka kuwagusa watoto hatakuwa peke yake, kwa sababu yeye Masuda anazijua wiki zile zilivyo. Kmira amemwambia ana miaka sabini na tisa na magoti mabaya, naye amejibu kwamba kuogopa hakuhitaji magoti.

Katika watu wazima waliokuwapo Sabato ile ya mwaka 1964, ndani ya sinagogi na chini ya dirisha, aliye hai ni Mama Masuda peke yake. Wengine wote, aliyesimama na waliokaa, wako humu ndani ya ukuta huu, na makaburi ya watoto wao yako kando yao.

Makhluf mwana wa Shushan, mjomba wangu, uachie sasa ukingo wa meza, upumzike kwa amani.