Mzee Hamira, Mwokaji Aliyeacha Mfuko wa Skonzi Akashika Sufuria

Mzee tunayemsindikiza leo alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Aprili 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa seremala, na mama yake alifua nguo za watu. Shangazi aliyekuwepo siku hiyo alisimulia kwamba mtoto alitoka kimya, akatazama huku na huku, na hakulia mpaka aliposikia sufuria ikifunuliwa jikoni. Shangazi huyo alijulikana kwa kutia chumvi, lakini kwa hili familia nzima iliamua kumwamini.

Alianza shule ya msingi Januari 1956 na kumaliza darasa la saba mwaka 1962. Alipenda hesabu kuliko somo lolote. Siku moja mwalimu aliuliza: mkate mmoja ukigawanywa kwa watu wanane, kila mmoja atapata nini? Marehemu akanyoosha mkono na kujibu, "Atapata njaa, mwalimu." Alichapwa fimbo mbili, kisha mwalimu akaenda kucheka ofisini. Alifaulu kuendelea na masomo, lakini nyumbani palikuwa na ada ya mtoto mmoja tu, naye akamwachia nafasi dada yake anayemfuata. Dada huyo alikuja kuwa mwalimu, na ameketi nasi hapa leo.

Kwa miaka minne na ushei alimsaidia baba yake kupiga randa. Tarehe 2 Mei 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha mikate kilichotazamana na ghala la posta, kazi yake ikiwa kufagia unga sakafuni. Baada ya mwaka mmoja alipewa kukanda, na kufikia mwaka 1974 ndiye aliyesimamia tanuri zote mbili. Wenzake walimwita Hamira, kwa sababu popote alipokaa mazungumzo yaliumuka. Jina hilo lilimganda, hata barua za kiwanda zikawa zinaandikwa hivyo.

Mke wake alimpata hapohapo kiwandani. Alikuwa muuzaji wa dirishani, msichana mwenye sauti ya taratibu na maneno makali. Asubuhi moja aliingia mpaka kwenye tanuri na mkate ulioungua upande mmoja, akauweka mezani. "Huu umeuunguza wewe," alisema, "basi uule wewe." Marehemu akaula wote mbele yake, mkavu, bila chai. Kesho yake alimpelekea kipande cha keki kilichofungwa kwenye karatasi safi, na keshokutwa kingine. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Agosti 1975, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja.

Kiwandani palikuwa na utaratibu kwamba vitu visivyouzika hadi jioni viligawiwa wafanyakazi. Basi kila jioni, kwa miaka ishirini na mitatu, marehemu alirudi nyumbani na mfuko wa skonzi, keki na mikate mitamu, na watoto waliujua mwendo wake tangu kwenye kona. Mke alikula kwa furaha, kwani ndivyo walivyochumbiana. Mtaani watu walisema hiyo ndiyo nyumba isiyojua njaa, na kweli haikuijua. Wala haikujua kingine kilichokuwa kinakuja.

Oktoba 1998 mke alijikwaa kwenye ngazi ya sokoni, akapata jeraha dogo chini ya kidole cha mguu wa kushoto. Wiki tatu baadaye jeraha lilikuwa limepanuka badala ya kufunga. Walipokwenda hospitali iligundulika mke ana kisukari, shinikizo la damu limepanda, na mizani ikasoma kilo tisini na sita. Daktari hakuzunguka. Alisema mguu ule ungeweza kukatwa, na kwamba dawa peke yake haitatosha kama chakula cha nyumbani hakitabadilika. Wakapelekwa kwa mshauri wa lishe, mwanamama mnene mwenye miwani, ambaye aliuliza maswali yake huku akiandika.

"Kwenu nani anapika?"

"Mimi," mke alijibu.

"Na vyakula vinaletwa na nani?"

Marehemu alitazama viatu vyake. Aliwaambia watoto wake baadaye kwamba katika maisha yake hajawahi kuulizwa swali zito kama lile, na halikuwa hata la kumlaumu.

Jioni iliyofuata alirudi mikono mitupu. Watoto, ingawa walikuwa wakubwa, walitoka nje kuangalia kama ameusahau mfuko njiani. Bosi naye alimwita siku chache baadaye akamuuliza kama mikate ya kiwanda imekuwa sumu. "Mikate ni mizuri, bosi," marehemu alijibu. "Ni sisi tulioila kwa niaba ya mtaa mzima."

Lakini kuacha mfuko kulikuwa na gharama yake. Mshahara ulikuwa uleule, mfuko ndio uliokuwa kifungua kinywa na nusu ya chakula cha jioni, na sasa kulikuwa na dawa. Jirani mmoja alimwambia kwamba chakula cha wagonjwa wa kisukari ni cha matajiri: minofu ya samaki, matunda ya dukani, mafuta ya chupa ndogo. Marehemu hakubishana naye. Kwa kuwa mke hakuruhusiwa kusimama muda mrefu na jeraha lile, Jumapili ya tarehe 22 Novemba 1998 marehemu aliingia jikoni mwenyewe, akiwa na miaka hamsini, hajawahi kupika zaidi ya chai.

Siku hiyo alichemsha kabichi, karoti na maharage kwenye sufuria moja, bila mafuta, bila chumvi, bila kitunguu, mpaka vyote vikawa rangi moja. Akapakua kwa heshima kubwa. Mke alionja kijiko kimoja, akakilaza kijiko pembeni.

"Baba Watoto," alisema, "huu ugonjwa ulikuwa uniue polepole. Wewe una haraka gani?"

Marehemu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaila sahani yake yote, kama alivyoula mkate ulioungua, na kesho yake akaanza upya.

Kilichomsaidia ni uokaji. Alikuwa anajua moto, na alijua kwamba ladha nyingi hutoka kwenye moto wenyewe na wala si kwenye mafuta. Akajifunza kukaanga kitunguu kwenye sufuria kavu iliyofunikwa, akiongeza maji kidogokidogo mpaka kibadilike rangi. Akachoma nyanya na bilinganya juu ya makaa ndipo azipike. Mafuta aliacha kumimina, akawa anapima kijiko kimoja cha chai kwa sufuria ya watu watano. Maharage na dengu aliloweka tangu asubuhi ili yasile makaa mengi, akayakoleza kwa tangawizi, vitunguu saumu na ndimu, chumvi ikabaki ya kubana kwa vidole viwili. Kuku alinunua mara moja kwa wiki, akamvua ngozi, na mifupa ikawa supu ya siku ya pili. Wali ulipimwa kwa kikombe cha chai, na nusu ya kila sahani, hata ya mgeni, ikawa mboga za majani.

Sokoni alikwenda wakati wauza mboga wanafunga meza, akachagua boga lenye kovu, karoti zilizopinda na majani yaliyonyauka kidogo, ambayo aliyafufua kwenye maji baridi. Muuza mboga mmoja alimpenda akawa anamwekea. Mbegu na mizizi iliyobaki aliipanda kwenye ndoo za zamani za siagi alizopewa kiwandani, na ukuta wa uani ukageuka kijani. Akaoka pia mkate mdogo mweusi wa ngano isiyokobolewa, akauongezea pumba alizonunua kinuni, na akaukata vipande vyembamba kama karatasi. Mke wa jirani alipomwona na gunia la pumba alimuuliza kama siku hizi wanakula chakula cha kuku.

"Kwani kuku wako wana kisukari?" marehemu aliuliza, akapita.

Maneno hayakukosekana. Shemeji yake mmoja alitangaza kwenye kikao cha familia kwamba mwanamume anayeshika mwiko huku mke amekaa kwenye kiti lazima amelishwa limbwata. Marehemu alisema inawezekana, ila kama alilishwa, basi hilo limbwata halikuwa na mafuta.

Mjane ameomba isisemwe hapa kwamba marehemu hakuwahi kukasirika, kwa sababu si kweli. Machi 1999 marehemu alifungua droo ya cherehani akitafuta sindano, akakuta karatasi kumi na moja za skonzi, za kiwanda chake mwenyewe. Mke alikuwa akiagiza kwa mfanyakazi mwenza wa marehemu, anakula peke yake mchana. Marehemu alizipanga karatasi zile juu ya meza ya kulia na kwa siku tatu hakusema neno. Alipika, akapakua, akaondoka. Siku ya nne mke ndiye aliyeanza.

"Ulinichumbia kwa keki," alisema. "Miaka yote hii umenizoesha kwamba ukinipenda utaniletea kitu kitamu. Sasa umeniondolea, na huniambii chochote. Mimi nijue vipi kama bado unanipenda?"

Marehemu alikuwa anachambua dengu. Aliacha mkono ndani ya bakuli.

"Ni kweli," alisema. "Mapenzi yangu nilizoea kuyatia kwenye mfuko. Sasa sijui niyatie wapi."

"Yatie humo kwenye dengu," mke alisema. "Lakini ongeza tangawizi. Na uniite nionje kabla hujapakua, mimi si mgonjwa wa wodini."

Tangu siku hiyo kiti cha mke kilihamia jikoni. Marehemu alipika na mke akaonja, na walibishana juu ya ndimu kila siku ya Mungu. Walikubaliana kwamba kila Ijumaa mke angechagua kitu kimoja kitamu, kipande kidogo, wakile pamoja mezani, bila kuficha karatasi. Agosti 1999 jeraha lilifunga. Baada ya miaka miwili mizani ya kliniki ilisoma kilo sabini na tisa. Kisukari hakikuondoka, na dawa hazikuachwa hata siku moja, lakini daktari aliyetaja kukata mguu aliomba aandikiwe namna zile dengu zinavyopikwa.

Marehemu alistaafu Aprili 2003. Mshauri wa lishe, yule mwanamama wa miwani, alimwomba aje kliniki siku za Jumatano kuwaonyesha wagonjwa, akaenda kwa miaka kumi na sita, na jiko lake, sufuria yake na aproni yake ya kiwandani. Hakupenda neno chakula cha wagonjwa. "Pikeni chakula cha watu," aliwaambia, "ila mafuta myaogope kama mkwe." Kwa wanaume alikuwa na somo lake la pembeni. Aliwauliza kila siku wanarudi nyumbani na nini mkononi, kisha akaendelea kukata vitunguu. Shemeji wa limbwata alipopata kisukari mwaka 2009 alikaa mstari wa mbele na daftari. Marehemu hakumkumbusha neno, jambo ambalo mkewe alisema lilimgharimu sana.

Mwaka 2020 kifua kilianza kumsumbua. Madaktari walisema ni vumbi la unga la miaka thelathini na sita, na kwamba mapafu yalikuwa yamechoka. Alilazwa mara tatu. Juni 2023 hakuweza tena kusimama jikoni, na viti vikabadilishana: mke akapika, yeye akaonja. Alikuwa mwonjaji msumbufu.

"Mafuta vijiko vingapi humu?" aliuliza.

"Kimoja na nusu."

"Na nusu ya nini?"

"Ya kwangu," mke alijibu. "Kula."

Binti yake mkubwa, aliyemuuguza miezi ya mwisho, anasema hajawahi kumwona baba yake ametulia vile. Alikuwa akikaa karibu na dirisha, anamtazama mkewe akipita uani kati ya zile ndoo, akivuna majani, anarudi, anatoka tena. Siku moja bintiye alimuuliza anawaza nini. "Siwazi," alisema. "Nahesabu tu anavyotembea."

Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, alikunywa nusu bakuli ya supu ya boga saa nane mchana. Alimuuliza mkewe kesho watakula nini, akaambiwa samaki wa kuchoma na mchicha. Akasema ni vizuri, asisahau ndimu. Kisha akalala, na saa kumi alasiri, bila kuhangaika, pumzi yake ilikoma. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano na miezi kumi.

Marehemu ameacha mjane, mwenzake wa miaka arobaini na nane na ushei. Mabinti wawili, mmoja mshonaji na mwingine karani wa posta. Mwana mmoja, fundi umeme, ambaye amejifunza kupika kabla ya kuambiwa na daktari. Dada mmoja, mwalimu mstaafu. Wakwe watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Ameacha pia wagonjwa wa Jumatano, ambao hatukujua ni wengi kiasi hiki mpaka tulipowaona asubuhi hii wamesimama getini.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na majirani wote waliokuwa nasi.

Mwenyezi Mungu ampokee mahali pa utulivu. Ametulisha vya kutosha. Sasa na apumzike.