Ikwaliza Mbili za Marehemu Elkana Ombati

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Migori leo, Jumapili tarehe 21 Novemba 1999, familia imempa kaka mkubwa wa marehemu, Boaz Ombati, jukumu la kuwasomea maisha ya mdogo wake, naye ameyaandika kwa mpangilio, kuanzia kuzaliwa hadi kufa, ingawa ipo sehemu moja ambayo hata baada ya kupangwa upya mara kadhaa haijakubali kunyooka.

Elkana Ombati alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 karibu na Oyugis, ambako wazazi wetu walikuwa wamehamia kutoka Kisii kulima na kuuza ndizi. Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo Oyugis kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, kisha akaenda sekondari Homa Bay kuanzia 1964 hadi 1967, ambako aliimba sauti ya nne, yaani besi, katika kwaya, mpaka mwalimu alipomwondoa mstarini, si kwa kuimba vibaya, bali kwa sababu kila mara aliacha kuimba ili awasikilize wenzake.

Mwaka 1970 aliajiriwa kuwa fundi wa simu, akahudumu Kisii, Homa Bay na Migori hadi Desemba 1989 alipoacha kazi kwa hiari yake, na Februari 1990 akafungua chumba cha kurekodia kwaya hapa mjini, kuta zake zikiwa zimefunikwa kwa trei za mayai za kuzuia mwangwi. Alikuwa amefunga ndoa na Dorah tarehe 15 Desemba 1974 kanisani Homa Bay, na Mungu akawajalia watoto watatu, Kezia, Mochama na Liz, ambao wote wako hapa.

Alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wenzake waliicheka, kwamba kanda yoyote, kabla haijatolewa nakala, aliipeleka kwanza sokoni Homa Bay kwa Mama Marcella, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akaicheza kwenye redio yake yenye spika iliyopasuka, kwani aliamini kwamba wimbo usipoeleweka katikati ya kelele za wanunuzi, fundi bado hajamaliza kazi.

Ikwaliza, kwa wasioijua, ni chombo cha kupunguza uzito wa sauti nene na kuinua sauti nyembamba, ili moja isiifunike nyingine. Kwa miaka mingi ikwaliza ya marehemu ilikuwa ya chuma, yenye vitufe vya kusukuma juu na chini, lakini kompyuta ilipoingia chumbani mwake mwaka 1998, chombo hicho kiligeuka kuwa programu ndogo inayoingizwa ndani ya programu ya kurekodia, ikionekana kwenye kioo kama mstari unaopanda na kushuka. Januari mwaka huu Mochama, ambaye anafanya kazi Nairobi, alimletea baba yake mbili za majaribio, achague moja ya kununua kabla muda wa kuzijaribu haujaisha, na wakati huo huo kwaya ya Mwalimu Cephas kutoka Homa Bay ilikuwa inaisubiri kanda yake.

Hapo ndipo mambo yalipovurugika. Asubuhi marehemu aliisifu programu ya kwanza, kwamba ni safi kama maji ya kisima, na jioni akaishutumu, akaipenda ya pili, na kesho yake akasema zote mbili zinamwibia sauti Jerusha, mwimbaji wa sauti ya pili aliyetegemewa na kwaya nzima. Mochama alilaumu spika, zikabadilishwa. Dorah alilaumu hedifoni, zikaazimwa nyingine. Boaz alipendekeza apime jambo moja moja na kuacha mengine yote yalivyo, akafanya hivyo kwa uaminifu, na matokeo yakapingana kila siku. Hakuna aliyejua kinachoendelea.

Ijumaa tarehe 16 Aprili, akiwa amechoka kuamua peke yake, aliwaita wanakwaya waje wachague. Waimbaji wa sauti ya nne walishikilia programu ya kwanza, wa sauti ya kwanza wakashikilia programu ya pili, Mwalimu Cephas akawaambia besi kwamba wanapenda tu kusikia vifua vyao, nao wakamjibu, "Mwalimu, wewe nyamaza, hata harusini kwako ulitafuta ufunguo wa wimbo mpaka chakula kikapoa." Mabishano yakaendelea hadi jua lilipokaribia kuzama na Sabato kuingia, na marehemu alipoinama kuzima mitambo, aliona kwamba kitufe cha kuruhusu ikwaliza kufanya kazi hakikuwa kimebonyezwa, kwa programu zote mbili, tangu asubuhi. Walikuwa wamegombania sauti zao wenyewe, zisizoguswa na chochote. Watu walicheka hadi wengine wakakaa sakafuni.

Marehemu pia alicheka, kisha akakibonyeza kitufe, akaupandisha mstari wa sauti nyembamba hadi juu kabisa, na Jerusha akaziba masikio kwa viganja, akisema, "Yawa, Mzee Elkana, punguza hiyo kitu, inatuchoma!" Marehemu, aliyekuwa amegeuza sikio la kulia kuelekea spika, akawatazama wote, akauliza kwa upole, "Kwani imebadilika?"



Mwezi Mei madaktari wa Kisumu waligundua uvimbe kwenye mshipa wa kusikia, upande wa kulia, nao ulikuwa tayari mkubwa. Alikataa kuiacha kanda ya watu, naye akaimaliza mwezi Agosti bila programu yoyote kati ya zile mbili, na Dorah alipomuuliza sababu, alisema, "Siku ile kila upande uliridhika na sauti zisizoguswa. Niwaongezee nini?" Kama huo ulikuwa uamuzi wa fundi au uchovu wa mgonjwa, familia haijui, na mwandishi wa historia hii amelipima swali hilo kwa kila njia aliyofundishwa chuoni bila kufika popote.

Tarehe 25 Agosti aliipeleka mwenyewe kanda hiyo Homa Bay, akaketi kando ya omena za Marcella, akamuuliza, "Jerusha yumo?" Marcella akajibu, "Yumo, si huyo. Kwani wewe humsikii?" Akasema, "Ukimsikia wewe inatosha," akarudi nyumbani, na kesho yake nakala zikatolewa. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 11 Novemba 1999, baada ya upasuaji, Dorah akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, mafundi wa simu aliofanya nao kazi, kanisa, pamoja na kwaya ya Mwalimu Cephas. Mama Marcella amekuja na redio yake, ile ile, na baada ya maneno haya ataicheza kanda hiyo, nasi tunawaomba mnyamaze kidogo, msikilize upande wa sauti ya pili.

Yumo, Elkana. Pumzika kwa amani.