Majani ya Jana

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimesimama kwa sababu mwenyekiti wetu ameniomba mara tatu, na mara ya nne nimeona haya kukataa. Mimi si msemaji. Halafu nimechoka, maana kulieleza jambo hili kunanichosha kuliko kupakia magunia. Ila humu ndani naona madereva wa malori, wa Noah na ninyi wa bodaboda, na wote barabara yetu ni moja. Basi nivumilieni.

Njia ya Newala na Masasi nimeiendesha miaka kumi na minane. Naijua kona kwa kona. Najua wapi watu wanaanika makopa ya muhogo pembeni mwa lami, na najua mbuzi wa nani wanalala katikati ya njia. Kujua huko ndiko kulikoniponza. Mtu akishaizoea njia haitazami tena. Macho yako wazi, mwenyewe yuko mbali anawaza chakula.

Sasa mnajua desturi yetu ya matawi. Gari likiharibika, tunakata matawi na kuyalaza barabarani kumwonya anayekuja. Kukiwa na msiba karibu na njia, wafiwa nao wanalaza matawi ili magari yapunguze mwendo. Alama ni ile ile. Nawaulizeni, gari likishapona, nani kati yetu anarudi kuyaondoa? Msitazamane, hakuna. Mimi mwenyewe, wiki ile ile ya ajali yangu, nilipata pancha mteremkoni, nikakata matawi ya mkorosho wa watu. Bibi mwenye shamba alinitukana kwa Kimakonde tangu nafungua tairi mpaka nafunga lingine. Nikaondoka, matawi nikayaacha pale pale. Ndivyo tulivyoifundisha barabara kusema uongo.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa korosho, saa tisa alasiri, nina mzigo na nimeamka tangu alfajiri. Nikakuta matawi ya kwanza, nikapunguza mwendo, mbele hakuna kitu. Nikakuta ya pili, hakuna kitu. Ya tatu, karibu na Makote, sikupunguza. Nikasema moyoni, majani ya jana haya. Nikayapanda, nikayasikia yanavunjika chini ya matairi.

Nyuma ya kona palikuwa na msiba. Kina mama walikuwa wanavuka na ndoo za maji kichwani, wanawapelekea wapishi. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Wengine waliruka. Mmoja hakuwahi. Ndoo yake ikamwagikia kioo cha mbele, sikuona tena kitu, nikabaki nimeshika usukani nasikia mayowe tu.

Ndugu zangu, nawaambia, wanaume walinijia na mipini ya majembe, na haki walikuwa nayo. Aliyeniokoa ni mfiwa mwenyewe, mzee aliyekuwa anamzika mkewe siku ile. Alisimama mlangoni mwa gari langu akasema, "Msiba mmoja unatosha. Mpakieni mama, apelekwe hospitali."

Yule mama hakufa. Paja lilivunjika, akalazwa hospitali ya Ndanda wiki nyingi. Mimi polisi walinichukua, kesi ikaenda, adhabu nikaipata na nikaimaliza. Hilo lilikuwa jepesi. Gumu lilikuja baadaye, leseni iliporudi. Nikipanda gari naona maji kwenye kioo kikavu. Nashuka. Nikawa mtu wa kibarazani, sili, nikiulizwa nasingizia mgongo. Mke wangu alivumilia, mwisho akachoka naye. "Baba Rehema," akasema, "mguu uliovunjika si wako. Mwenye mguu anachechemea kwake, wewe ndiye unayelala."

Iliniuma sana, kwa sababu ilikuwa kweli. Kesho yake tukabeba jogoo, tukaenda kwa yule mama. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama weee. "Jogoo mzuri. Lakini jogoo hachoti maji."

Ninyi wa huku juu mlimani hamhitaji kuelezwa habari ya maji. Bomba linatoka likipenda, kisima kiko mbali, na yule mama alikuwa anaishi na mama yake kikongwe tu. Basi nikaanza kumpelekea maji kwa baiskeli, madumu manne, kila baada ya siku moja. Nikaisukuma baiskeli ile pembeni mwa lami ile ile niliyoiendesha miaka yote.

Siku moja lori likanipitia karibu hivi, nikaangukia mtaroni na madumu yangu. Dereva hata honi hakupiga. Namfahamu na ananifahamu, tumekula wali pamoja stendi. Hakuwa mbaya. Hakuniona tu. Nilikaa mtaroni nimelowa, nikalia, si kwa maumivu. Nilikuwa najiuliza ni wangapi niliowapita hivyo hivyo miaka kumi na minane, wakaingia mtaroni, nami nikaendelea na safari yangu.

Nilipomsimulia yule mama, alicheka kwanza. Halafu akasema, "Mwezi ujao nimeitwa Ndanda wakautazame mguu. Utanipeleka wewe."

"Mama, mimi siendeshi tena."

"Sikukuuliza."

Tajiri wangu, mwenye magari, akanipa gari dogo. Yule mama akakaa mbele, na tangu tulipoondoka hakunyamaza. "Mbuzi huyo. Mtoto, kushoto. Baiskeli ina mkaa. Pikipiki hiyo inakata kona." Tukateremka mlima, tukapita Masasi, mpaka Ndanda. Nikadhani ananisimanga. Nilipomtupia jicho nikaona ameshika mlango kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, na bado alipanda.

Namshukuru yule mzee mfiwa. Nawashukuru wauguzi, tajiri wangu, na mke wangu kwa ulimi wake. Yule mama bado anachechemea, na atachechemea mpaka mwisho. Hilo sikulirekebisha, na kila nikimwona linanirudia.

La kuwaachia ni dogo. Matawi yenu yaondoeni gari likipona. Na mkiyakuta, punguzeni mwendo, hata kama mara tisa mmekuta hakuna kitu. Anayevuka mbele ya tawi la kumi hana habari na hayo tisa yenu.

Mimi siku hizi naendesha huku naongea. Naitaja njia kwa sauti, peke yangu: mbuzi huyo, mzee ana fimbo, mtoto kulia, mama ana ndoo. Inachosha, sitawaficha, nikifika stendi koo limekauka. Mkipishana nami mkaona midomo inacheza na kiti cha pembeni hakina mtu, msiseme nimechanganyikiwa. Namwambia yule mama nimeona.