Motlatsi Phakoe na Gari Ambalo Hakuwahi Kulimaliza

"Hivi, Mama Pheello, unawezaje kukaa nyumba moja na mtu anayenuka petroli, halafu ukawasha jiko?" Ndivyo jirani yao, Mama Seipati, alivyomuuliza mke wa marehemu mwaka walipohamia Sebokeng. Mama Pheello alicheka tu, akasema Mungu ndiye mlinzi. Lakini alikuwa na hofu moyoni, na leo amekuja nayo hapa mazishini.

Marehemu Motlatsi Phakoe alizaliwa Evaton tarehe 14 Mei 1966, mtoto wa tatu wa mzee Tlali na bibi Maleshoane. Alisoma hadi darasa la tisa, akaacha shule baba yake alipofariki. Mwaka 1987 aliajiriwa katika kiwanda cha chuma kule Vanderbijlpark. Kazi ilipokwisha mwaka 2009, akafungua gereji uani kwake. Watu walitoka mbali kumtafuta, maana alikuwa akitoa injini ndogo kwenye gari, anaweka kubwa, na gari linamtii.

Alifunga ndoa na Dikeledi, ndiye Mama Pheello, tarehe 4 Desemba 1993 katika Kanisa la Methodisti. Alikuwa mume mpole. Mkewe akipika mahindi na maharagwe kwenye sufuria ya presha, yeye humwonyesha kile kizibo kinachopumua juu ya mfuniko. "Unakiona hiki, mama? Na petroli inataka kitu kama hiki. Presha ikipungua, injini inaungua. Ikizidi, tunaungua sisi."

Gari lake mwenyewe ndilo lililomshinda. Alikuwa ameliwekea injini kubwa ya silinda sita na pampu yenye nguvu, lakini bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi lilibaki lile jembamba la zamani, lisiloweza kupitisha mafuta yote. Kidhibiti presha alikilegeza mpaka mwisho, na bado mshale wa geji, uliopaswa kusimama kwenye tatu, ulipanda hadi tano. Jumamosi ya tarehe 10 Juni 2023 mpira wa petroli ulichomoka, petroli ikaruka juu ya chuma cha moto, ikawaka. Mama Pheello aliuzima ule moto kwa blanketi na mchanga. Marehemu alitoka bila nyusi, anacheka. Lakini hakuliwasha tena.

Alianza kuugua mapafu mwezi Machi mwaka huu. Alilazwa tarehe 2 Julai, akafariki Jumatano tarehe 14 Agosti 2024, mkewe akimwimbia.

Kama ilivyo kwetu, akizikwa mtu wa magari, rafiki zake huzungusha magari yakinguruma kando ya kaburi. Wiki hii walijaa uani.

"Bingwa mzima azikwe kimya kama karani wa posta?" alisema Sello, rafiki wa kijana wa marehemu, Pheello. "Hapana! Mzee lazima asikie mlio wa gari lake."

"Wanangu, baba yenu alikataa," Mama Pheello aliwaambia.

"Mama, aliyekataa ni wewe," alijibu Pheello. "Wewe hata kiberiti unakishika kwa ncha za vidole."

Wakacheka wote. Gari limepangwa kufuata jeneza, Pheello akiwa kwenye usukani, na watoto wa mtaa watalizunguka kama kawaida yao. Mama Pheello amefunga na kuomba siku tatu. Akaona kwa kuwa yeye hasikilizwi, basi maneno ya marehemu mwenyewe yachapwe hapa na yasomwe kabla mtu hajagusa ufunguo.

Marehemu ameacha mjane, Dikeledi. Watoto wawili, Pheello na Lineo. Mjukuu mmoja, Karabo. Na dada yake, Puleng. Bwana ampe pumziko, na aliowaacha awarudishe nyumbani leo wakiwa wazima wote.

Haya aliyasema hospitalini tarehe 11 Agosti, mbele ya mchungaji Letsie, ambaye yupo hapa na anaweza kuulizwa:

"Pheello asiliwashe gari langu siku ya kunizika. Presha bado iko juu. Nisindikizeni kwa miguu."