Hatua Kumi na Moja Kutoka Mti wa Miiba

Mheshimiwa Diwani Tansey, uliyetukatia utepe. Baba Paroko Heraty. Mama Mwenyekiti wa Kamati ya Njia ya Kale, Dympna Kerrigan. Daktari Orla Meehan, mtaalamu wetu wa mambo ya kale. Ndugu wageni waalikwa. Ndugu madereva wa mabasi, ambao uwanja huu wa kuegesha ni wenu kuanzia leo. Na nyinyi majirani zangu wa Ballycorrin mliofuata soseji na keki, msione haya, hata mimi nimeshakula: hamjambo nyote. Kuna mmoja sijamsalimu. Sijamsahau, nitamfikia.

Nimeombwa niseme maneno machache, halafu nimkabidhi Dympna ufunguo huu. Mnaufahamu. Tangu niolewe umening'inia nyuma ya mlango wa jikoni kwangu, na kabla yangu mama mkwe aliutundika kwenye msumari huohuo. Langoni pa abasia, yale magofu ya watawa wa kale, palikuwa na kibao: "Ufunguo uko kwa Bibi Gilhooly, nyumba ya buluu ng'ambo ya barabara." Kuanzia leo mashine itauza tiketi, lango litajifungua lenyewe, na ufunguo utawekwa kwenye kabati la kioo.

Wageni nimewaona wa kila aina. Mmarekani mmoja alipiga hodi nikiwa na unga mpaka kwenye viwiko. "Mama, mimi pia ni Gilhooly! Sisi ni ndugu!" Nikamwambia, "Kama ni ndugu, vua koti unisaidie mkate." Akaukanda kwa nguvu zake zote, ukatoka mgumu kama tofali, akaula wote kwa aibu. Mjerumani mmoja aliondoka na ufunguo mfukoni mpaka kwao, akaurudisha kwa posta pamoja na soksi za sufu, zawadi kwa Malachy. Malachy alikuwa mume wangu, Mungu amrehemu.

Sasa mtu akitaka kuona mnara, abasia na kisima kitakatifu, atashuka kwenye basi, atakata tiketi, atapanda basi. Mlango wangu hautagongwa. Linaniuma hilo, sitawaficha. Lakini nisingesimama mbele ya watu wazima kulia kwa ajili ya hilo peke yake.

Kamati imesifiwa sana leo kwa ajili ya ule mti wa miiba, ule pale katikati ya uwanja, uliozungushiwa mawe meupe. Ramani ya uwanja ilitaka ung'olewe. Packie Durkan akazima katapila lake, akashuka.

"Huo siugusi. Hata mnipe shamba."

Mhandisi kijana kutoka Dublin akacheka. "Unaogopa mti, Packie?"

"Mti siuogopi. Nawaogopa wenyewe wanaoishi chini yake. Mjomba wangu aliukata mmoja, akalala mzima, akaamka mdomo umehamia sikioni. Katapila hili hapa, panda wewe uung'oe."

Kijana hakupanda. Ramani ikachorwa upya, uwanja ukauzunguka mti, na magazeti yakaandika jinsi watu wa Ballycorrin wanavyoheshimu ya kale. Hongera, Packie. Umewaheshimu wale wadogo wanaoishi chini ya miti, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona. Na wale wadogo wengine je? Wale tuliowazaa, tukawabeba, tukawafukia kwa mikono yetu wenyewe?

Wageni hamjaelewa, lakini wenyeji wa umri wangu mmeshainamisha vichwa. Sitamtaja mtu. Upande wa kaskazini wa abasia, nje ya ukuta, hapahapa mliposimama, ndipo tulipowazika watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, maana sheria ya Kanisa haikuwaruhusu makaburini. Baba Paroko, acha kuangalia viatu vyako, wewe hata hukuwa umezaliwa. Hapakuwa na msalaba wala jina. Ni vijiwe tu, kimoja kwa kila mtoto, na wazazi waliopita hapo wakijifanya wanatafuta kondoo.

Wangu alizaliwa Februari mwaka 1968. Wa kiume. Hakulia. Mimi nilikuwa kitandani sijiwezi. Malachy alimtia kwenye sanduku la siagi, akatoka kabla majirani hawajaamka, akarudi na viatu vimejaa tope. Akaniambia, "Hatua kumi na moja kutoka mti wa miiba, ukielekea ukutani." Basi. Hatukulizungumza tena mpaka anakufa.

Lakini kila mgeni aliyekuja kuomba ufunguo nilimsindikiza mwenyewe, mvua inyeshe, jua liwake. Dympna amesema hapa kwamba katika kaunti nzima hakuna mwenyeji mkarimu kama mimi. Si kweli, Dympna. Nilikuwa natafuta sababu ya kupita pale.

Daktari Orla, wewe huna kosa, na nataka kila mtu asikie. Ulikuja jikoni kwangu na makaratasi yako, ukaniuliza kwa adabu, "Bibi Gilhooly, kule kaskazini, nje ya ukuta, kuna chochote tunachopaswa kujua?"

"Kuna upupu tu, mwanangu."

"Una hakika?"

"Upupu tu. Kunywa chai, inapoa."

Upupu tu! Maisha yangu yote nimemfungulia mlango kila aliyetaka kutazama makaburi ya maaskofu, na siku moja tu niliyoulizwa kuhusu mwanangu nikasema hakuna kitu. Nilikuwa namwogopa nani? Mama mkwe amekufa. Paroko wa wakati ule amekufa. Sheria yenyewe imekufa. Naambiwa Daktari aliuliza nyumba tisa, na zote tisa zilimjibu kama mimi. Kwa nini hatukusema, jamani? Mti umepata mtu wa kuutetea, watoto wetu wamekosa.

Kazi ilipoanza nilikuwa kwa dada yangu Sligo. Niliporudi, vijiwe vilikuwa vimeshazolewa na kumwagwa kujaza shimo lililokuwa langoni, na juu ya nyasi pameshindiliwa kokoto. Juzi asubuhi nilisimama kwenye mti nikahesabu kumi na moja. Nikarudi, nikahesabu tena, nikaishia kwingine. Hatua za Malachy zilikuwa za mwanaume wa miaka thelathini, mrefu, mwenye haraka ya kumaliza na kurudi kwa mke wake. Zangu ni za bibi wa miaka themanini mwenye chuma kwenye nyonga. Kijiwe ndicho nilichokuwa nakitambua, na kijiwe hakipo.

Dympna, njoo upokee ufunguo. Sina tena kazi nao.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na nyinyi mlioinamisha vichwa nawashukuru zaidi. Imebaki ile salamu niliyowaahidi. Salamu hutolewa kwa vyeo na kwa majina, na yeye hakupewa hata kimoja, ndiyo maana nimemweka mwisho. Mwanangu, hujambo.

Na wewe ndugu dereva wa basi la mbele, uliniuliza asubuhi, kwa upole kabisa, kama hapo ulipoegesha panafaa. Sijui, baba. Ningekuomba usogee, lakini sijui nikuambie usogee wapi.