Bustani ya Agafia Iliyogeuka Bwawa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kamishna wa Makazi,

Karibu Marayaq. Tunashukuru umepita juu ya mbao, maana ukishuka kiatu kinabaki topeni.

HISTORIA FUPI
Wazee wetu walifuata samaki, wakihama na mahema yao. Shule ilipojengwa, serikali ikasema tutulie mahali pamoja. Wenzetu wa ng'ambo ya mto wakapewa kilima cha changarawe, sisi tope linalolalia barafu ya ardhini, ambayo hata kiangazi haiyeyuki ikifunikwa na nyasi. Hatufichi: tunawaonea wivu.

MAFANIKIO
Kila nyumba ina jeki yake. Nyumba ikiinama tunainyanyua, mlango ukikwama tunauranda. Mengine bado tunayatafuta.

CHANGAMOTO
Ng'ambo wanabonyeza kitufe, choo kinajisafisha. Shimo letu la maji machafu halikuwa na pa kuyapeleka, likajaa, likaganda. Tumerudi kujisaidia kwenye ndoo.

Ng'ambo wanavuna kabichi. Mwenzetu Agafia, mjane wa Wassilie, alipoziona alikosa usingizi. Akabandua nyasi zote nyuma ya nyumba ili jua lipashe udongo moto. Jirani yake Evon akamwambia, "Agafia, unaivua barafu blanketi!"

"Niache! Kwani wao wana mikono ya dhahabu?"

Jua likapasha kweli. Barafu ikayeyuka, bustani ikazama, kona ya nyumba ikafuata. Siku hizi bata wanaogelea pale, na vijana wa ng'ambo wakipita na boti wanauliza, "Bibi, kabichi zinapiga mbizi?"

Binti yake Olinka alikuwa mjamzito. Aliitazama sakafu iliyoinama, akaitazama ndoo.

"Mama, mtoto simlei huku. Nahamia ng'ambo."

"Hata wewe?"

"Twende wote basi."

Agafia alitoka nje kufukuza bata.

MAOMBI
Tunaomba changarawe ya kuinulia nyumba na bustani, na matangi ya maji machafu yanayokaa juu ya ardhi. Changarawe ipo ng'ambo, kilima kizima.

Tumesikia pia kwamba leo utalala ng'ambo, kwa sababu ya choo. Hapo, Mheshimiwa, wivu umetuzidi. Kila mgeni anakula samaki wetu, analala kwao. Tafadhali, lala huku. Chumba cha Olinka ni kitupu, na Agafia ametandika kitanda upande usioinama. Ndoo ni mpya. Asubuhi utaibeba mwenyewe kama sisi, ndipo tuzungumze habari ya changarawe.

Mungu akulinde na utelezi, akufikishe kwenu viatu vyote viwili vikiwa miguuni.

Ni sisi wakazi wa Marayaq,
tuliobaki.